Tandiko la Mtu

Alikuja Kiboriloni siku ya soko,
mkanda wa gari umening'inia shingoni
kama mtu aliyenusurika ajali akaondoka na ushahidi.
"Fundi, nishonee tandiko."
La punda?
"La mtu. Langu."

Elinaja, mpagazi wa zamani,
miaka kumi na minane akibeba mahema ya wageni
mpaka Barafu na kurudi.
Getini mzigo wake uliwekwa kwenye mizani:
kilo ishirini kamili. Mbele kidogo, kwenye kona,
wakamwongezea sufuria.
Ndiyo maana kila kitu hukipima kwanza kwa kidole,
kamba, pete ya chuma, hata kifungo,
akiuliza: hiki kitanibeba, au nitakibeba mimi?

Nguruwe pori wamemlia mahindi huko Kahe.
Kibali anacho, kimekunjwa mara nne ndani ya kofia.
Ukimvizia chini, alisema,
nguruwe ananusa hadi wasiwasi wako.
Juu, harufu inapita kichwani pake.
Lakini ngazi ni nzito, inagonga gonga njia nzima,
na ukiiacha shambani
kesho jirani anaipikia makande.

Akanichorea kwenye kadibodi, kwa chaki yangu:
kamba moja kuzunguka shina,
fundo linalokubali kupanda na kukataa kushuka.
Vipago vinne vya alumini.
Ukifika cha juu unakaa kwenye tandiko,
unavuta cha chini, unakipandisha.
"Vinne vinatosha mti wowote," alisema,
"mradi usiwe na haraka."
Na jukwaa (alicheka kuliita jukwaa)
upana wa daftari lililofunguliwa:
pa nyayo mbili,
hapana pa kugeuza mawazo.

Cherehani yangu imezoea sare za shule
na majoho ya kwaya.
Ule mkanda ulinivunjia sindano tatu.
Nilishona mraba, ndani ya mraba msalaba,
nikarudia juu yake, nikarudia,
maana suruali ikifumuka mtu anaaibika,
hiki kikifumuka
tunachangishana sanda.

Aliporudi alikivuta, akakinusa,
akanirudishia.
"Mlimani mpishi ndiye huonja kwanza."

Nyuma ya vibanda pana mruka mmoja.
Nilivaa suruali ya mwanangu chini ya kitenge
na wauza viatu wote wakaacha kuuza viatu.
Kipago, kipago, kipago.
Kisha sauti yake kutoka chini:
"Egemea nyuma. Achia shina."

Kuachia shina
ni ule muda kati ya kusema siri na kujibiwa.
Kamba ililia kidogo.
Mshono ukakaa.
Nilikaa hewani juu ya kazi ya mikono yangu mwenyewe,
mimi Apaikunda, kilo themanini na mbili,
miguu kwenye daftari.

Mlima ulikuwa umejifunika; sikuutafuta.
Niliona bati la kibanda changu
na tundu lake, dogo kama sarafu,
karibu na ukingo kabisa,
wala si pale ninapotega ndoo kila masika
nikilaani msumari usio na hatia.

Ijumaa alishuka Kahe na kila kitu mgongoni,
begi dogo kuliko la mtoto wa chekechea.
Jumatatu alirudi bila nyama.
Walikuja, alisema, jike na wanawe,
upepo ukageuka.
Hakulalamikia upepo.
"Hapa, pajani kushoto, panakata."

Nikachukua kipande cha godoro jembamba la kambini,
nikakishonea kwa ndani.
Akaomba mizani ya muuza dagaa.
Gramu arobaini.
Akazitazama kimya, muda mrefu,
kama mtu anayesikia tena jina lake likiitwa getini.

"Sawa," akasema.
"Hizi nitazibeba."